Unataka kupaki boti au trela nyumbani hapa Mwanza? Soma hii kabla mtendaji hajagonga geti

Wakuu habari za muda huu. Hii naiandika kwa wenzangu wa Mwanza na mialo (yale maegesho ya vyombo ufukweni) ya jirani wenye boti, mtumbwi au trela na wanataka kuviweka nyumbani badala ya kuviacha mwaloni. Sababu zinajulikana. Wizi wa injini ziwani umetutesa vya kutosha, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hawaingii kazini kwa hiyo ndo muda wa kupandisha chombo na kukitengeneza, halafu kuna waliopata boti za faiba kwenye ile mikopo ya serikali iliyozinduliwa hapa Mwanza mwanzoni mwa 2024, boti ya mkopo hakuna anayetaka ilale ufukweni bila mlinzi. Na wapo wa Capri Point na Bwiru wenye boti za kutembelea, zinakaa juu ya trela wiki nzima zinasubiri jumapili. Wote swali lao ni moja, naruhusiwa?

Jibu fupi, mara nyingi unaruhusiwa. Ila usitafute sheria moja inayoitwa sheria ya boti nyumbani, utazunguka ofisi zote na hutaipata. Jambo hili limegawanyika, kipande kiko kwenye sheria ndogo za halmashauri, kipande kwenye barabara, kipande mazingira, kipande afya, na kingine kipo kwa jirani yako ambaye asubuhi anataka kutoa bodaboda yake na anakuta njia imezibwa. Migogoro ya namna hii niliyoiona mtaani karibu yote chanzo chake ni kile kipande kilichotokeza nje ya geti, chombo ni chako ila kimekalia sehemu ambayo si yako. Kwa hiyo twende hatua kwa hatua.

HATUA YA 1: Jua uko chini ya halmashauri gani

Watu wengi wanasema "Mwanza mjini" kama ni sehemu moja, kumbe ni mbili. Ukiwa Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi au Luchelele uko Nyamagana, yaani Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Ukiwa Kirumba, Kitangiri, Pasiansi, Igombe au Kayenze uko Manispaa ya Ilemela. Nje ya hapo ni halmashauri za wilaya, Magu, Misungwi, Sengerema, Buchosa, Ukerewe, na huko vijijini kijiji chenyewe kinaweza kuwa na sheria ndogo zake zilizopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuridhiwa na halmashauri.

Hii ina maana kubwa kwa sababu kila halmashauri inatunga sheria ndogo zake za usafi, maegesho na ushuru, mjini wanatumia Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 na wilayani ile ya Mamlaka za Wilaya ya mwaka huohuo. Alichotozwa shemeji yako Sengerema hakikuhusu wewe wa Kirumba. Nenda ofisi ya kata au kwa mwanasheria wa halmashauri, omba kuona sheria ndogo inayohusu maegesho na usafi wa mazingira. Sheria ndogo halali inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali kwa hiyo ina namba ya tangazo, iandike pembeni. Siku mtu akija na kitabu cha risiti anakwambia umevunja sheria, unamuuliza kwa adabu, kiongozi ni kifungu gani, cha tangazo namba ngapi? Mara nyingi maongezi yanakuwa mazuri baada ya hapo.

HATUA YA 2: Pima, usikadirie kwa macho

Hapa ndo watu wanaharibu. Chukua futi kamba, pima urefu wa boti, halafu pima TRELA nzima pamoja na lile chuma la mbele linalonasa kwenye gari, na injini ikiwa imeinuliwa nyuma. Boti unayoijua kuwa ni ya mita sita ukiiweka kwenye trela inakuwa ndefu zaidi, mbele chuma kimezidi, nyuma injini imezidi. Sasa nenda kwenye kiwanja, pima kutoka ukuta wa nyuma mpaka geti likiwa LIMEFUNGWA. Kama geti linafungukia ndani toa na ule upana wa geti. Kisha acha nafasi mtu apite pembeni bila kugeuka ubavu, kwa sababu siku ya moto au mgonjwa hiyo ndo njia yenu.

Nyumba nyingi za huku kwetu ziko kwenye mteremko na mawe, Mabatini, Isamilo, Kitangiri, unajua mwenyewe. Ukipata sehemu tambarare ndani ya fensi hiyo ni dhahabu. Kama hakuna, ni bora ukubali mapema kwamba boti hii haikai nyumbani, uongee na watu wa mwaloni. Kuna jamaa wanaacha boti nje, wanafunga kamba kwenye jiwe wanasema itakaa. Trela iliyoachwa kwenye mteremko na kushikiliwa na tofali moja inaua mtoto, hilo halina mjadala.

Kama umepanga, ongea na baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba KABLA, na iandikwe kwenye mkataba hata kwa mstari mmoja. Wapangaji wenzio nao wana haki na ule uwanja, ndo wanapoanika nguo na ndo watoto wanapocheza.

HATUA YA 3: Barabara sio kiwanja chako

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi yake kwa kawaida ni mita 30 kila upande ukipima kutoka katikati ya barabara. Kwa hiyo nyumba iliyo kandokando ya barabara ya Musoma au ya Shinyanga, lile eneo la mbele unaloliona tupu na unalifagia kila siku linaweza kuwa lote la hifadhi. Angalia nguzo zao za mpaka. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, hao ndo pia wanaosimamia maegesho ya barabarani, ukiacha trela kwenye eneo lao la maegesho ujue inahesabiwa kama chombo kingine chochote kinachokaa pale.

Kinachosahaulika zaidi ni mitaro na mabomba. Huku milimani mabomba ya maji ya MWAUWASA sehemu nyingi yamepita juu ya mawe, hayajafukiwa, tairi la trela likipita linapasua na unakuwa umewakatia maji majirani wote wa chini yako. Mtaro nao ukiuziba kwa mawe ili trela ipite, mvua ya kwanza ya vuli maji yanaingia kwa mtu. Weka daraja la mbao la muda, pitisha, litoe.

Na usipaki chini ya nyaya za TANESCO hasa kama boti ina mlingoti au ile fremu ya juu ya turubai.

HATUA YA 4: Kama nyumba iko karibu na maji, kumbuka mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ziwani au kingo za mto. Mto nao umo, kwa hiyo mkazi wa pembeni ya Mirongo asijione yuko mbali na habari hizi. Kuvuta mtumbwi na kuuegesha siku mbili sio sawa na kumwaga zege, kujenga banda la boti, njia ya kushushia na ukuta. Ukitaka kujenga kitu chochote cha namna hiyo karibu na maji usianze na fundi, anza na afisa mazingira wa halmashauri, NEMC na ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria ambayo makao yake yapo hapahapa Mwanza.

Halafu usipime mita zako kiangazi maji yakiwa yamerudi. Mliokuwepo 2020 na 2024 mliona ziwa lilivyopanda, nyumba na mialo viliingiliwa na maji, na vyombo vilivyokuwa vimefungwa "nchi kavu" vikaanza kuelea. Waulize wazee wa pale maji yalifika wapi, wanaonyesha kwa kidole mpaka mti wenyewe.

HATUA YA 5: Mtaa ujue, na ujue kwa maandishi

Anza na mjumbe wako, kisha mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji. Usiruke. Nenda na majirani wawili watatu umeshaongea nao, hasa yule mnayechangia njia. Kwa wazee nenda mwenyewe jioni, shikamoo, kaa, eleza, usitume kijana akaseme "bosi kasema ataleta boti". Kisha andika barua fupi, nakala mbili, mtendaji agonge muhuri kwenye nakala yako. Mfano huu hapa unaweza kuuchukua ulivyo:

Kwako Mtendaji wa Mtaa,
YAH: TAARIFA YA KUHIFADHI BOTI NA TRELA NYUMBANI
Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa huu, nyumba namba (andika). Natoa taarifa kuwa nitahifadhi boti moja yenye namba za usajili (andika) pamoja na trela ndani ya uzio wa nyumba yangu kuanzia tarehe (andika). Chombo hakitatumia barabara wala njia ya watembea kwa miguu, na hakutafanyika biashara wala karakana. Majirani wanaopakana nami wamefahamishwa. Naambatanisha nakala ya kadi ya usajili.
Wako mtiifu,

Weka jina, sahihi na namba ya simu, basi. Barua hii sio kibali cha kuvunja sheria yoyote, ila inaonyesha hukujificha, na siku jirani mpya akihamia na kulalamika kuna kumbukumbu ofisini.

Kama chombo ni cha uvuvi waambie na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) ya mwalo wako kwamba umekipandisha nyumbani na kwa muda gani. Mtumbwi ukipotea ghafla mwaloni watu wanaanza kufikiria mabaya, umeibiwa au umekwenda kuvua kwa kokoro, ule wavu haramu, mahali.

HATUA YA 6: Karatasi ziwe tayari

Chombo cha uvuvi kinatakiwa kiwe na usajili na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009, na namba ziwe zimeandikwa ubavuni zinasomeka. Mambo ya usalama na ukaguzi wa vyombo yako TASAC, shirika la serikali la usafiri wa majini, sio SUMATRA tena, SUMATRA haipo. Trela nayo ni chombo cha barabarani, ina usajili wake TRA na namba zake, usiseme namba za gari zinatosha. Trela la kuchomelea mtaani bila kadi likikaa ndani ya fensi halisumbui mtu, ila siku ukilitoa tu trafiki wa kwanza ndo wa kwanza kukuuliza.

Risiti ya injini ihifadhi, andika namba ya injini kwenye daftari na piga picha. Injini ikikutwa nyumbani kwako bila risiti, kwa jinsi wizi wa injini ulivyo ziwani, maelezo yatakuwa marefu.

HATUA YA 7: Siku ya kuileta

Lete mchana. Usiku watu wanashtuka, mbwa, polisi jamii, na njia zetu hizi za mawe usiku hazionekani. Nyuma ya boti funga kitambaa chekundu, taa za trela ziwake, mikanda miwili na sio kamba ya katani. Kama mzigo unazidi upana wa gari uliza trafiki kwanza kabla hujaingia lami. Kabla ya kuondoka ufukweni toa magugu maji yote yaliyonasa kwenye trela na chini ya boti, yaanike yakauke mbali na maji, hasa kama boti itakuja kushushwa kwenye bwawa lingine. Mmea huo umetusumbua ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 80, hakuna haja ya kuusafirisha sisi wenyewe.

HATUA YA 8: Namna ya kuipaki (hapa naomba msome taratibu)

Kero kubwa kuliko zote ya boti nyumbani ni MAJI YA MVUA. Boti iliyolala sawasawa inajaa kama karai na ndani ya wiki moja hadi siku kumi una mbu wapya wanaruka. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inahesabu mazalia ya mbu kuwa kero, na afisa afya wa kata ana mamlaka ya kukupa notisi kwa hilo tu, hata kama boti iko katikati ya kiwanja chako chenye hati.

Fanya hivi. Inua pua ya boti iwe juu kuliko nyuma, trela liwe limekalia jeki au gogo mbele. Toa kizibo cha nyuma, kifunge kwa uzi kwenye usukani au kwenye kiti ili siku ya kurudi majini kisisahaulike. Mwaga ndoo moja ya maji ndani uone yanatoka yote au yanabaki kwenye kona, yakibaki ongeza mwinuko. Turubai usilitandaze likalala bapa, litatengeneza bwawa juu yake, pitisha mti mrefu katikati kutoka pua mpaka nyuma kama paa la nyumba, halafu turubai lishuke pande zote mbili na lifungwe chini. Acha upenyo hewa ipite, boti iliyofungwa gubigubi kwenye joto letu inaota ukungu. Kila baada ya mvua pita, gusa turubai kwa mkono sehemu zenye mabonde.

Mtumbwi wa mbao ni kesi nyingine. Wenyewe ukikauka kupita kiasi mbao zinaachana na karafati, ile pamba inayoziba mianya, inaachia, kwa hiyo uweke kivulini juu ya magogo, usiguse udongo kwa ajili ya mchwa, na funika. Wanaougeuza kifudifudi wanafanya vizuri, maji hayakai na watoto hawaingii. Ila uwe umetulia, mtumbwi uliogeuzwa juu ya mawe mawili ni mtego.

Matairi ya trela weka vizuizi mbele na nyuma, yote, sio moja. Funga na mnyororo. Watoto wa mtaa mzima watakuja kucheza kwenye hiyo boti, hilo halizuiliki kwa kufoka, linazuilika kwa geti kufungwa na boti kutokuwa na ngazi wala kamba inayoning'inia.

HATUA YA 9: Injini na petroli

Injini ikae wima kwenye stendi, sio kulazwa sebuleni. Petroli usiiweke ndani ya nyumba wala chini ya kitanda, wala karibu na jiko la mkaa, na kabla ya kuingiza tenki la boti uani lifunge vali ya hewa, na kama boti inakaa muda mrefu toa mafuta yote. Ukianza kuweka madumu na kuwauzia wenzio hapo sio maegesho tena, ni biashara ya mafuta inayotaka leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na moto ukitokea familia yako ndo iko ndani.

HATUA YA 10: Matengenezo

Kubadili plagi, kupiga rangi kidogo, kukaza bolti, hakuna atakayekusumbua. Ila grainda kwenye faiba ni habari nyingine kabisa. Vumbi lake linawasha, linaruka mpaka kwa jirani, na kama jirani kaanika dagaa kwenye chanja umemharibia mzigo wake wa siku nzima, hakuna radhi inayorudisha hiyo hela. Peleka kwa mafundi mwaloni, au lowesha sehemu unayosaga, funga turubai pande zote, na fanya muda ambao hakuna kilichoanikwa. Oili chafu kinga kwenye dumu, kwenye mtaro hapana, mitaro yetu yote inaishia ziwani tunakochota maji.

Ukianza kupokea boti za watu wengine, iwe kuzitengeneza au kuzilaza kwa malipo, umefungua biashara. Leseni ya biashara halmashauri, TRA, na kama kiwanja ni cha makazi suala la kubadili matumizi ya ardhi kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 litakuja. Pitia mipango miji kwanza.

UKIPEWA NOTISI

Usibishane mlangoni. Pokea, soma tarehe, soma kifungu, angalia kama ina sahihi na muhuri wa ofisi. Piga picha boti ilivyokaa siku hiyohiyo, na futi kamba ikionekana kwenye picha. Kama kosa ni la kweli, mfano imetokeza barabarani, isogeze kwanza halafu ndo uende ofisini, unakuta mara nyingi linaishia kwenye onyo. Wakikwambia utalipa faini kwa kufifilisha kosa (kulimaliza bila kwenda mahakamani), omba control namba, lipa benki au kwa simu, hela mkononi usitoe hata kama ni elfu kumi. Ukiona umeonewa, panda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri kwa barua, na ile nakala yako yenye muhuri iambatanishe.

Kama shida ni mpaka na jirani, Baraza la Kata linaweza kuwakalisha na kuwapatanisha, ila tangu mabadiliko ya 2021 haliamui tena kesi za ardhi, mkishindwana mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla hujafika huko mwite afisa ardhi au mpima aonyeshe bikoni, lile jiwe la mpaka, ilipo, mkiwa wote wawili mmesimama pale na mwenyekiti wa mtaa akiwepo.